Jinsi magma inavyopanda hadi juu ya ardhi

Magma ni mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi. Ukishatoka nje huitwa lava. Wengi hudhani huko chini kuna bahari ya moto inayosubiri tundu. Sivyo. Mwamba wa kina kirefu una joto kali lakini ni mgumu, kwa kuwa uzito ulioukandamiza hauuachi uyeyuke. Huyeyuka mgandamizo unapopungua, kama chini ya Bonde la Ufa ambako ardhi inavutwa pande mbili. Au joto likizidi. Au maji yakiingia kwenye mwamba wa moto. Hata hapo huyeyuka sehemu ndogo tu.

Kinachoipandisha ni wepesi. Meta moja ya ujazo ya magma ya basalti, ile inayoganda kuwa mwamba mweusi wa volkano, ina takriban tani 2.7, ilhali mwamba wa chini ya ganda la dunia hufikia tani 3.3. Magma hujipenyeza kati ya punje za mwamba, hukusanyika, kisha shinikizo lake hupasua mwamba wa juu. Hujaza ufa mwembamba uliosimama wima, mara nyingi wenye upana wa meta moja au mbili na urefu wa kilomita kadhaa. Ikipoa njiani huganda humohumo, na sehemu kubwa ya magma huishia hivyo.

Ikikaribia juu, gesi huanza kazi. Mvuke na kaboni dioksidi iliyoyeyuka ndani yake hugeuka mapovu, hutanuka na kuisukuma. Hapo kinachoamua ni kama rojo hutiririka kwa urahisi au ni zito. Basalti, yenye silika (kemikali iliyo pia kwenye mchanga) karibu asilimia 50 na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, huachia gesi kwa urahisi na kutiririka. Yenye silika zaidi ya asilimia 70 huyanasa mapovu kama uji mzito jikoni, na yakipasuka mlima hulipuka kwa majivu.

Lava haitoki lazima kileleni, na hili huweza kuua watu. Tarehe 10 Januari 1977, ubavu wa volkano ya Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, ulipasuka. Ziwa la lava lililokuwa ndani ya kasoko likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ya mlima huu ina silika kidogo sana, hivyo hukimbia kuliko nyingi duniani. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilishuka hadi kando ya Goma, na lava ikakatiza mjini hadi Ziwa Kivu.

Mei 2021 ubavu ulipasuka tena. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi iliendelea kutetemeka kwa siku kadhaa: magma ilikuwa ikipita chini ya mji na ziwa, na sehemu za Goma zikahamishwa. Haikutoka. Ndiyo maana wanaoufuatilia mlima hutazama matetemeko yanayohama kutoka mahali hadi mahali, ardhi inayovimba na nyufa zinazopanuka, hata kama kileleni hakuna jipya.