Kabla ya Kuchanga Gunia la Mahindi Siku ya Chakula Duniani

Siku ya Chakula Duniani huadhimishwa Oktoba 16, tarehe ambayo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilianzishwa mjini Quebec mwaka 1945. Kwetu Nakuru tarehe hiyo hukuta watu mashambani. Njoro, Rongai na Subukia wanavuna, na huko Kitale na Moi's Bridge malori yameanza kupanga foleni. Ndiyo maana mchango mkubwa wa makanisa, vyama na shule siku hiyo huwa mahindi, na ndiyo maana pia malalamiko mengi yanayotufikia sisi tunaopokea michango msimu huu ni ya watu ambao magunia yao yamekataliwa. Nia yao ni njema na tunaishukuru. Hata hivyo, mahindi yasiyofaa kuuziwa kinu hayafai kupewa familia yenye njaa.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo ubishi huanzia. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inapotaja kuuza inahesabu pia kumpa mtu chakula bila malipo. Kwa hiyo kusema "nilikuwa natoa sadaka tu" hakumwondolei mtu lawama endapo chakula alichotoa kimeoza au kina sumu. Afisa wa afya ya umma ana mamlaka ya kukagua, kuchukua sampuli na kuzuia shehena. Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, chakula kisichofaa kuliwa na binadamu kinaweza kutwaliwa na kuharibiwa. Mwenye mali akiona ameonewa, njia ni kwenda mahakamani. Kumfokea karani langoni hakubadilishi matokeo ya kipimo.

Kiwango cha mahindi kinachotumika Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na jumla ya aflatoksini, yaani sumu inayotolewa na ukungu, isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo, huku ile aina ya B1, iliyo kali kuliko zote, isizidi mikrogramu 5. Ukipiga hesabu, gunia la kilo 90 linafikia kikomo likiwa na mikrogramu 900 za sumu hiyo, yaani haifiki hata miligramu moja. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, hakina harufu wala ladha. Punje chache zilizooza sana zinatosha kulivusha gunia zima kikomo, na mtu mwingine anaweza kupima kutoka gunia hilohilo asipate kitu kwa sababu sumu haijatawanyika sawasawa. Ndiyo sababu afisa huchoma bambo, kile kibomba chenye ncha cha kuchotea punje, juu, katikati na chini, kisha huchanganya alichotoa kabla ya kupima. Konzi moja uliyoichota mdomoni mwa gunia haithibitishi chochote.

Wapo wanaosema hiyo ni shida ya Ukambani. Ni kweli kwamba mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi waliyolima wenyewe na kuyahifadhi yakiwa na unyevu. Lakini mahindi husafiri, na ghala lenye joto haliulizi yalilimwa wapi. Isitoshe, huku kwetu nyanda za juu mvua ikinyesha wakati wa kuvuna huleta ukungu mwingine, wa rangi nyeupe au ya waridi, unaotoa sumu ya fumonisini. Hiyo nayo ina kikomo chake, miligramu 2 kwa kilo. Ukungu wa aflatoksini kwa kawaida huwa wa kijani kibichi au kijani-manjano. Ukiona mojawapo kwenye gunzi, litenge kabla ya kupukuchua. Ukishapukuchua umechelewa, kwa sababu punje zake zimeshachanganyika na nyingine zote.

Sasa haya ambayo tumeyasema mwaka baada ya mwaka na bado tunaulizwa. Moto wa jikoni hauondoi aflatoksini. Sumu hiyo huvumilia joto kali kuliko lile ambalo sufuria ya ugali au ya githeri inaweza kufikia. Kuosha hupunguza vumbi, na sumu iliyo ndani ya punje hubaki. Kukoboa husaidia kiasi, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu iko kwenye ganda na kiini, lakini basi pumba ndizo zinazobeba mzigo, na pumba hizo huishia kwa ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa akila chakula chenye aflatoksini, sehemu yake hutokea kwenye maziwa ndani ya siku moja ikiwa imebadilika umbo, na mtoto huinywa kikombeni. Kuchanganya debe bovu na madebe mazuri ili "lisijulikane" ni kuharibu mazuri. Na wale wanaosema mahindi yaliyooza yanafaa busaa kwa sababu "yanachachuliwa" wajue kwamba kuchachusha hakuaminiki kuiondoa sumu hiyo, na machicha yanayobaki hupewa nguruwe na kuku. Sumu hii huharibu ini polepole, na kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari ya saratani ya ini huongezeka maradufu na zaidi. Tafadhali, mahindi mabovu hayana matumizi ya pili nyumbani.

Kazi yenyewe iko kwenye kukausha. Mahindi yaliyokomaa yakivunwa huwa bado na unyevu wa asilimia 20 au zaidi. Tandaza kwenye turubai safi, kamwe si kwenye udongo mtupu wala ukingoni mwa barabara, kwa sababu ukungu huishi ardhini. Tabaka lisizidi sentimita 4. Geuza kila baada ya nusu saa hadi saa moja. Mvua zetu za alasiri hazibishi hodi, basi turubai la pili liwe tayari pembeni, na jioni yafunikwe au yaingizwe ndani, la sivyo yatanyonya umande na utakuwa umefanya kazi ya siku nzima bure. Usipukuchue kwa kupiga gunia kwa rungu. Punje hupasuka, na ukungu huingilia kwenye ufa.

Kama huna kipima unyevu, tumia chumvi. Chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, weka mahindi hadi robo, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye ukuta wa chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipogandamana, umeshuka chini ya 15, na hapo ndipo wengi hukosea: hujafika 13.5. Anika tena siku moja au mbili za jua, halafu utafute kipimo cha mashine kwenye chama cha ushirika au ghala la nafaka lililo karibu.

Tunajua kwa nini watu hukwepa kukausha. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18 likishushwa hadi 13.5 hubaki na kilo 85 na kitu, na likiwa lilianza na asilimia 20 hubaki na kilo 83. Mkulima huona kilo tano au saba zimepotea. Zilizopotea ni maji, ila uchungu wake tunauelewa, hasa pale mnunuzi anaponunua kwa gunia bila kupima. Kwenye mchango uchungu huo haupo, basi hakuna sababu ya kuleta mahindi mabichi.

Kuhusu dawa: unga wa kuulia fukusi na dumuzi huua wadudu, hauui sumu ya ukungu. Fuata kipimo kilicho kwenye lebo na usitie dawa kwenye mahindi ya kuchanga, kwa kuwa hatujui yataliwa lini. Vidonge vya gesi vya kuulia wadudu visiingie kabisa kwenye nyumba mnamolala, vimeua watu. Mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye plastiki mbili ndani ya gunia, huua wadudu bila dawa ikiwa kila plastiki imefungwa peke yake na haijatoboka, lakini mahindi yenye unyevu yakifungiwa humo yatachacha.

   

Siku ya kupokea, kila gunia liwe na karatasi yenye jina la kikundi, eneo yalikovunwa na mwezi wa kuvuna. Msiunganishe mahindi ya wakulima tofauti kwenye gunia moja, maana likianguka kipimo hatutajua la nani. Afisa atachoma bambo, atapima unyevu, atakagua punje zilizooza, zilizovunjika na zilizobadilika rangi, kisha ataandika. Lenye ukungu halirudishwi sokoni, na mwenyewe hutia sahihi kwamba limezuiwa. Lenye kasoro ya unyevu pekee hurudishiwa mwenyewe akalianike. Akilileta tena limekauka hupimwa upya bila malipo, ila afike kabla ya saa nane mchana, kwa sababu baada ya hapo mizani hufungwa na magunia yaliyopita huanza kupakiwa.