Mfuko wa Siku Mbili na Nusu: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Benki za Chakula Nairobi

"Chakula cha msaada kikitosha, njaa mtaani itaisha."

Tupige hesabu kwanza. Chukua mfuko wa benki ya chakula, yaani stoo inayokusanya chakula cha msaada na kukigawa, wenye paketi mbili za unga za kilo mbili mbili, kilo moja ya maharagwe na lita moja ya mafuta. Unga huo una kalori kama 14,400, maharagwe 3,300 na mafuta 8,100. Jumla inakaribia 25,800. Kipimo kinachotumika katika misaada ya dharura ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, kwa hivyo nyumba ya watu watano inahitaji 10,500 kila siku. Gawanya: ni siku mbili na nusu. Kuifikisha nyumba hiyo mwisho wa mwezi kunataka mifuko kumi na miwili, na nyumba 400 peke yake zitakula karibu tani 20 za unga kwa mwezi, mbali na maharagwe na mafuta. Na nyumba 400 ni tone tu: Nairobi ina wadi 85.

Na mfuko huo bado haujapikwa. Maharagwe makavu ambayo hayakulowekwa usiku kucha yanakaa motoni saa mbili au zaidi. Mama mwenye mkebe mmoja wa makaa atayauza kwa jirani, anunue sukuma wiki ya kuliwa jioni ile ile. Wagawaji wakisikia hivyo hukasirika na kumfuta kwenye orodha, kumbe amepiga hesabu ya makaa vizuri kuliko wao. Ninyi wagawaji, mkiwa na nafasi ya kuchagua, chukueni ndengu, zinaiva mapema.

Hata kule benki za chakula zilikoanzia (ya kwanza ilifunguliwa Phoenix, Arizona, mwaka 1967) mtandao wa benki hizo uitwao Feeding America wenyewe husema kwamba kwa kila mlo mmoja unaotoka kwenye benki zake, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwapa maskini pesa za chakula, uitwao SNAP, hutoa tisa. Kwetu SNAP haipo, lakini kuna mpango wa serikali wa Inua Jamii: shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa nyumba zinazolea mayatima, na kwa wenye ulemavu mkubwa. Nyanya mmoja wa Korogocho akiandikishwa, hizo ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Swali la "kuna mtu wa miaka 70 nyumbani, na ana kitambulisho?" likiulizwa kwenye foleni linaweza kuzaa chakula kingi kuliko gunia.

"Daftari la foleni ni la kuhesabia mifuko tu."

Daftari wanamoandikwa wanaopanga foleni ndimo mali ya benki ya chakula ilimo, na wengi huitupa. Mfuko umekwisha Alhamisi, daftari linabaki. Lakini lazima liwe na zaidi ya jina na sahihi. Maswali matano yanatosha, na kila moja lijibiwe kwa nambari au neno moja: nyumba ina watu wangapi, jana mlikula mara ngapi, wiki iliyopita anayeitafutia nyumba riziki alipata kibarua siku ngapi, watoto wanasoma shule gani na wanapata chakula cha mchana huko, kuna mzee wa miaka 70. Maswali yakizidi kumi foleni hukwama, na anayeandika huanza kujaza majibu kwa kukisia. Ukiona ukurasa mzima umejaa "mara 2, mara 2, mara 2", uchome.

Swali la kibarua, hasa, huua ile dhana kwamba wanaopanga foleni hawataki kazi. Mtu aliyesimama lango la kiwanda Viwandani siku sita akachukuliwa siku mbili hahitaji hotuba kuhusu uvivu.

Majina na nambari za simu zisitoke nje ya stoo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu hata ninyi wa daftari la mkono. Ofisi ya kaunti ipelekeeni jumla: nyumba ngapi, mtaa gani, mwezi gani.

"Kupigania sera ni siasa, na tutafutiwa usajili."

Woga huu umefunga midomo ya mashirika mengi kuliko marufuku yoyote. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024, inaruhusu shirika kufanya utafiti, kuelimisha umma na kutetea sera, hata kuikosoa serikali. Inachokataza ni kumpigia kampeni au kumpinga mgombea au chama, kuchangisha fedha kwa ajili hiyo, na kusimamisha wagombea.

Kuvuka mpaka huo ni rahisi kuliko mnavyodhani, na kwa kawaida huanzia kwenye picha. Mheshimiwa anakuja na gunia kumi, anasimama juu ya lori, anavalisha vijana fulana zenye sura yake, na kesho yake stoo yenu inajulikana kama stoo yake. Pokeeni gunia kwa risiti kama za mfadhili mwingine yeyote. Fulana zikae garini. Agawaye ni mhudumu wa stoo, na hakuna kuita majina kwa kipaza sauti. Uchaguzi ukikaribia, andikeni kanuni hizo kwa karatasi na kuzibandika mlangoni, ili anayekataa kuzifuata awe amekataa karatasi, asiwe amegombana na mama wa stoo.

"Katiba inataja chakula, lakini ni maneno tu."

Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaofaa. Ya 53 inampa kila mtoto lishe ya msingi. Haki za Ibara ya 43 hutekelezwa hatua kwa hatua, ndiyo. Lakini someni Ibara ya 20(5): serikali ikisema haina uwezo, ni juu yake kuonyesha kwamba haina. Mzigo wa kuthibitisha hauko kwenu. Ofisi ikijibu "hakuna pesa", jibu la kuandika kesho yake ni ombi la kuonyeshwa bajeti ilikokwenda. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu.

"Siku ya maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti tutajitokeza wengi, tutasikika."

Mkijitokeza Mei, mmechelewa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti ya kaunti inapikwa miezi kumi kabla. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Mkakati wa fedha, ule unaojulikana kama CFSP, hufika kufikia Februari 28, na humo ndimo kila idara hukatiwa kiwango chake cha juu. Makadirio yenyewe huja kufikia Aprili 30, yapitishwe kabla ya Juni kuisha. Mei mnaweza kuhamisha pesa ndani ya idara. Kuongezea idara pesa mpya ni shida, maana sufuria imeshafunikwa. Kwa hivyo Julai na Agosti pelekeni hoja ili iingie kwenye mpango, Januari ipiganieni iingie kwenye viwango, na Mei mlinde msikatwe. Kikundi kinachofanya kazi ya Mei peke yake hurudi nyumbani na chupa ya maji na nauli.

Kuna shida ya pili, nayo ni lugha. "Tunaomba serikali itusaidie na njaa" haiwezi kuingizwa kwenye jedwali la bajeti. Mfano mzuri ni chakula cha shule. Mpango wa Kaunti ya Nairobi uitwao Dishi na County ulizinduliwa 2023 kwa ushirikiano na shirika la Food4Education. Mzazi analipa shilingi 5 kwa sahani, na mtoto anagusisha bangili ya kielektroniki anapochukua chakula. Uliandaliwa kwa shule za umma, ilhali watoto wengi wa Mukuru, Mathare na Kibera wanasoma shule ndogo za jamii na za watu binafsi. Mkisema "mpango upanuliwe", mtapigiwa makofi na kusahauliwa. Semeni hivi: shule tatu, tunazitaja, zina watoto 300, siku za masomo 180, hizo ni sahani 54,000 kwa mwaka, jiko lililo karibu liko umbali huu, gharama ya sahani kwa bei ya kaunti yenyewe, toa shilingi 5 za mzazi, pengo ni hili. Karani wa bajeti anaweza kuichukua nambari hiyo na kuiweka mahali.

Ukurasa mmoja unatosha. Juu kabisa weka unachotaka, kisha idara na programu ya bajeti inayohusika, kisha gharama, kisha jumla za daftari lenu, mwisho sahihi. Ujue pia mlango wa kugonga: chini ya Jedwali la Nne la Katiba, kaunti ina chekechea, masoko, afya ya kaunti na kilimo, lakini shule za msingi ni za serikali kuu. Ombi la shule ya msingi lililopelekwa City Hall, makao ya kaunti, peke yake linaweza kurudishwa na tabasamu. Toeni nakala mbili. Moja iachwe, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri, waraka wenu haujawahi kuwapo.

"Ruzuku ya unga humfikia kila maskini."

Mwaka 2017 paketi ya kilo mbili ilishushwa hadi shilingi 90, na Julai 2022 hadi shilingi 100. Pesa za serikali zilipitia kwa wasagaji wakubwa, zikaishia kwenye paketi. Anayenunua mahindi kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na kuyapeleka kwenye kinu cha posho, au anayenunua unga wa shilingi thelathini kwenye karatasi, hakuiona. Pia zile paketi zilikwisha rafuni kabla ya saa ambayo mtu wa kibarua analipwa. Mkiulizwa maoni kuhusu ruzuku nyingine, ulizeni kwanza inapitia njia gani.

Na sera ya njaa haiko wizara ya kilimo tu. Ushuru wa mafuta ya petroli ulipopandishwa 2023 kutoka asilimia 8 hadi 16, lori la viazi linaloingia Marikiti liliulipa, na mnunuzi ndiye aliyeubeba.

"Cha bure hakichaguliwi."

Kinachaguliwa sana. Mahindi yenye sumukuvu (aflatoksini, sumu ya ukungu) hayageuki kuwa salama kwa kuchemshwa, na sumu yenyewe haionekani wala hainuki. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Kiwango cha sumu hiyo kinachoruhusiwa ni mikrogramu 10 kwa kilo, na unyevu wa mahindi usipite asilimia 13.5. Sampuli ya konzi moja kutoka juu ya gunia haina maana, kwa sababu ukungu hukaa mabaka mabaka: toeni juu, kati na chini, kwenye magunia mengi, changanyeni, ndipo mpime. Stoo ikilaza magunia sakafuni yakiegemea ukuta, yatavuta unyevu hata yaliyoingia yakiwa mazuri. Weka mbao chini, acha upenyo ukutani, na lililoingia kwanza litoke kwanza.

Haya yanahusu utetezi pia. Kikundi kilichogawa mahindi mabovu Jumamosi hakisikilizwi Jumatatu.

"Mpe mwenyekiti wa mtaa kazi ya orodha, atuletee watu."

Mwenyekiti atakuletea watu wake. Orodha ikiandikwa na mtu mmoja, wapangaji waliohamia juzi, wasichana wenye watoto na wasiohudhuria baraza hukosekana kila mara. Njia inayoshika ni vikundi vidogo: nyumba kama kumi zilizo kwenye ujia mmoja huchagua mmoja wao, na wale wawakilishi huunda kamati ya eneo. Mukuru ilipotangazwa eneo maalum la mipango mwaka 2017, wakazi walijipanga kwa ngazi za namna hiyo, kuanzia nyumba kumi kwenda juu, kabla ya kukaa na kaunti kuzungumzia barabara, maji na afya.

Saa ya mkutano huamua nani anakuja. Saa kumi na mbili jioni mama mboga yuko kwenye meza yake. Saa tatu asubuhi wa kibarua ameondoka. Saa nane hadi saa kumi mchana, au Jumapili baada ya kanisa, utawapata. Kuhusu nauli, amueni mapema na muiweke sawa kwa wote. Ikitolewa kwa wengine kimyakimya, mkutano wa tatu utakuwa wa watu wa nauli. Wafundisheni watatu au wanne kuusoma ule ukurasa mmoja wa ombi mbele ya kamati ya bunge la kaunti. Msemaji akiwa mmoja, siku akipewa kazi na mheshimiwa, hoja imekwenda naye.

"Kuandamana kunahitaji kibali."

Kunahitaji taarifa. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi (OCS) wa eneo aarifiwe kwa maandishi kati ya siku 3 na 14 kabla, kukiwa na jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa na njia itakayotumika. Maandamano yawe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Akisema haiwezekani, sababu ya kisheria ni kwamba kuna wengine waliotangulia kuarifu kwa mahali na wakati huo. Ibara ya 37 ya Katiba inawaruhusu kukusanyika kwa amani bila silaha na kuwasilisha ombi, na ombi la maandishi kwa bunge la kaunti halihitaji hata mtu mmoja barabarani.

Kama mnaenda, barua ya taarifa iwe na nakala iliyopigwa muhuri. Moja aibebe mtu mmoja anayejulikana na wote, na nyingine ibaki stoo na asiyeandamana, pamoja na simu yenye chaji na nambari ya wakili.