Kaunti ya Marekani ni nini? Tuitazame Allegheny, kaunti ya chuma

Asubuhi na mapema tarehe 28 Januari 2022, theluji ikiwa imetanda, daraja la Fern Hollow mjini Pittsburgh liliporomoka likalala bondeni. Juu yake kulikuwa na magari madogo kadhaa na basi moja refu, yale yaliyounganishwa katikati kwa mikunjo ya mpira kama kodiani. Watu 10 waliumia, na kwa bahati hakuna aliyekufa. Siku hiyohiyo Rais Joe Biden alikuwa na ziara mjini humo, na ajenda yake ilikuwa kukarabati miundombinu ya nchi.

Daraja lilikuwa la nani? La jiji la Pittsburgh. Basi? La mamlaka ya usafiri ya Kaunti ya Allegheny, ambamo Pittsburgh imo. Daraja jipya lilisimamiwa na idara ya barabara ya jimbo la Pennsylvania, kwa fedha za serikali ya shirikisho, na wachunguzi walitoka Washington. Bonde moja, serikali nne. Kaunti ni mojawapo ya hizo nne, na asiyejua ilipoketi kati ya wenzake hawezi kuelewa nusu ya habari za Marekani, kuanzia uchaguzi hadi magereza.

Kwa msomaji wa Kenya neno lenyewe si geni, na hapo ndipo anapopotea. Kenya ina kaunti 47 zilizoanzishwa na Katiba ya 2010, kila moja na gavana wake. Marekani gavana ni wa jimbo zima, na kaunti ni kipande tu cha jimbo hilo. Katiba ya Marekani haitaji kaunti hata mara moja. Jimbo ndilo linalozikata, kuzipa kazi na kuzipunguzia, kwa hiyo hakuna kaunti mbili za majimbo tofauti zinazofanana sawasawa. Ziko zaidi ya 3,000. Kaunti ya Los Angeles ina watu karibu milioni 10, ilhali sensa ya 2020 iliwakuta watu 64 katika Kaunti ya Loving, Texas. Kule Connecticut kaunti zimebaki mistari kwenye ramani, hazina serikali kabisa, na Louisiana haina kaunti bali parokia. Ndiyo maana sipendi maelezo ya jumla juu ya jambo hili. Afadhali tushike moja tu tuikague.

Kaunti ya Allegheny iko kusini-magharibi mwa Pennsylvania, jimbo lenye kaunti 67. Iliundwa mwaka 1788 kwa kumega ardhi ya kaunti jirani za Westmoreland na Washington. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 1,900. Si kubwa, lakini si nchi ya kutembea kwa raha, kwani ni vilima na mabonde mtindo mmoja. Mto Allegheny unashuka kutoka kaskazini, Monongahela unapanda kutoka kusini, na inapokutana katikati ya Pittsburgh unazaliwa mto Ohio, ambao maji yake huishia Mississippi. Wafaransa waliiona thamani ya makutano hayo wakajenga ngome pale mwaka 1754. Waingereza wakawaondoa mwaka 1758, wakajenga ya kwao na kupaita mahali hapo kwa jina la mwanasiasa wao, William Pitt.

Chini ya vilima kulikuwa na makaa ya mawe. Kilima kinachotazamana na katikati ya mji, ambacho leo watu hupanda kwa behewa linalovutwa na waya ili wapige picha, kiliitwa Kilima cha Makaa. Makaa yalichimbwa karibu, madini ya chuma yaliletwa kutoka nchi za maziwa makuu ya kaskazini, na mito ilibeba matishari bila kuchoka. Mwaka 1875 Andrew Carnegie, mhamiaji kutoka Uskoti, aliwasha kiwanda cha Edgar Thomson huko Braddock, kando ya Monongahela. Vikafuata Homestead, Duquesne, Clairton na vingine, vimejipanga ukingoni mwa mto kama shanga. Nchi tambarare ilikuwa ile iliyo kando ya maji, nayo ilichukuliwa na viwanda. Wafanyakazi wakajenga nyumba juu ya miteremko, wakapanda na kushuka ngazi kila siku kwenda zamu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo naona ndilo kiini cha kaunti hii. Ina manispaa 130. Yaani ndani ya kaunti moja kuna miji, miji midogo na tarafa 130, kila moja na baraza lake, bajeti yake na sheria zake za maegesho. Kenya mameya waliondoka mwaka 2013 kaunti zilipoanza kazi. Allegheny bado wapo wa kutosha kujaza ukumbi. Upo mji mdogo unaoitwa Haysville wenye watu wasiofika mia. Upo mwingine, Mount Oliver, uliozungukwa na Pittsburgh pande zote kama kisiwa, lakini si Pittsburgh. Ukitembea hapo barabara ni ileile na nyumba ni zilezile, ila umetoka mjini na kurudi bila kujua.

Ilikuwaje? Milima ilitenganisha watu, hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kiwanda. Mji mdogo wenye kiwanda kikubwa ulikusanya kodi nzuri na haukuwa na haja ya kugawana na jirani. Homestead ni mfano mzuri. Jina hilo ndilo linalojulikana duniani kwa mgomo wa 1892, pale walinzi wa kukodiwa 300 wa kampuni ya Pinkerton walipoletwa usiku kwa matishari na kupigana kwa risasi na wafanyakazi mnamo tarehe 6 Julai, watu wakafa pande zote mbili. Lakini kiwanda hicho kimoja kilikuja kusambaa katika ardhi ya miji midogo mitatu: Homestead, West Homestead na Munhall. Hata maktaba ya Carnegie inayobeba jina la Homestead imesimama Munhall.

Sababu ya tatu ni woga wa kumezwa. Ng'ambo ya mto kulikuwa na mji mkubwa uliojitegemea, Allegheny City. Pittsburgh iliutaka. Ikapigwa kura, na sheria ya jimbo ikaamua kura za miji yote miwili zihesabiwe katika kapu moja. Watu wa Allegheny City wengi walikataa, lakini Pittsburgh ilikuwa na watu wengi zaidi, basi ikapita. Walalamikaji walikwenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1907 iliwaambia kwamba miji ni mali ya jimbo, na jimbo linaweza kuiunganisha au kuifuta linavyotaka. Hukumu hiyo bado inanukuliwa na wanasheria. Miji midogo iliyobaki ilipata somo lake, na tangu hapo ikitajiwa habari ya kuungana hushika milango.

Mpango huo ulikuwa mtamu kiwanda kilipokuwa kinatoa moshi. Braddock ya mwaka 1920 ilikuwa na watu zaidi ya 20,000, na maktaba ya kwanza ambayo Carnegie aliijenga Marekani, ya mwaka 1889, yenye mabafu chini ili wafanyakazi waoge. Sensa ya 2020 iliwakuta watu wasiofika 2,000. Kiwanda cha Homestead kilifungwa mwaka 1986, na leo pale pana maduka, sinema na maegesho, na safu ya mabomba 12 ya moshi yaliyoachwa yamesimama bila tanuri chini yake. Kaunti nzima ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.6 mwaka 1960, na mwaka 2020 ilikuwa na milioni 1.25. Watu waliondoka, lakini mabaraza, mifereji na madeni havikuondoka.

Je, kaunti yenyewe hufanya nini basi, ikiwa kila kijiji kina baraza? Hufanya yale ambayo mji mdogo hauwezi. Mahakama na gereza ni za kaunti. Jengo la mahakama la mwaka 1888, la mawe makubwa, limeungana na gereza la zamani kwa daraja la juu ambalo washtakiwa walipitishwa bila kukanyaga barabara. Kaunti husimamia uchaguzi, uwanja wa ndege, afya ya jamii, ulinzi wa watoto, kituo cha simu za dharura na uchunguzi wa vifo vyenye utata. Inamiliki pia madaraja, yakiwemo matatu ya manjano yanayofanana katikati ya mji, yaliyojengwa kati ya 1924 na 1928. Moja limepewa jina la Rachel Carson, mwanabiolojia aliyezaliwa Springdale, ndani ya kaunti hiihii.

Kwa zaidi ya miaka mia mbili mambo hayo yaliongozwa na makamishna watatu. Mwaka 1998 wapiga kura waliidhinisha, chupuchupu, mfumo mpya ulioanza mwaka 2000: mtendaji mkuu mmoja wa kuchaguliwa na baraza la watu 15. Sara Innamorato, aliyeingia Januari 2024, ndiye mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Kando yake wanachaguliwa pia mweka hazina, mkaguzi wa hesabu, mwendesha mashtaka na sherifu. Na sherifu wa huku si yule wa filamu mwenye kofia na farasi. Kazi yake ni kulinda mahakama, kusafirisha mahabusu, kutoa vibali vya kubeba bastola na kupiga mnada nyumba za walioshindwa kulipa deni. Doria ni ya polisi wa manispaa, na kaunti ina polisi wake tena.

Mwenye nyumba huyahisi haya yote mfukoni. Nyumba moja hutozwa kodi mara tatu: na kaunti, na manispaa, na wilaya ya shule. Wilaya za shule ni 43 na mipaka yake haifuati ya manispaa kila mara. Kaunti ndiyo inayokadiria thamani ya nyumba, kwa hiyo lawama za mikono yote mitatu huanzia kwake. Mwishoni mwa 2024 baraza lilipandisha kodi ya kaunti kwa asilimia 36, na unaweza kukisia simu zilivyolia.

Watu wake waliletwa na kazi. Walitangulia Waskoti wa Ireland na Wajerumani, wakafuata Wapolandi, Waslovaki, Waitaliano, Wakroatia na Wahungaria, kila kundi na kanisa lake juu ya mteremko wake. Weusi kutoka kusini walikuja kwa maelfu kutafuta kazi za viwandani na kutoroka ubaguzi, na mtaa wa Hill District ukawa kitovu cha muziki na gazeti lao, Pittsburgh Courier. Mwishoni mwa miaka ya 1950 sehemu ya chini ya mtaa huo ilibomolewa kupisha ukumbi wa michezo, na watu kama 8,000 wakahamishwa. Siku hizi mwajiri mkubwa ni hospitali, si chuma. Miongoni mwa wageni wa karibuni wapo Wanepali kutoka Bhutan, na Wabantu wa Somalia waliopitia kambi za Kenya, kwa hiyo si ajabu Kiswahili kikasikika katika basi la kaunti.

Wenyeji wana lafudhi yao ya kujivunia. Kiingereza sanifu hakitofautishi wewe na nyinyi, jambo ambalo Mswahili yeyote huliona kama pengo. Watu wa Pittsburgh waliliziba wenyewe: wakiwaambia watu wengi husema “yinz”. Litamke uone lilivyo jirani na “nyinyi”, ingawa ni sadfa tu.

Chuma hakijaisha kabisa. Edgar Thomson bado kinayeyusha, na kampuni inayokimiliki, U.S. Steel, ilinunuliwa na Nippon Steel ya Japani mwaka 2025. Clairton bado inaoka makaa ya mawe kuwa koki ya kulishia matanuri, katika kiwanda kikubwa kuliko vyote vya aina hiyo Amerika ya Kaskazini. Kwa kuwa hewa baridi hutuama mabondeni asubuhi na kuufungia moshi chini, idara ya afya ya kaunti ina kitengo chake cha hewa, kitu ambacho katika Pennsylvania nzima kipo hapa na Philadelphia tu. Tarehe 11 Agosti 2025 mlipuko ulitokea katika kiwanda cha Clairton ukaua wafanyakazi wawili. Magari ya zimamoto yalitoka miji midogo jirani, kila moja na jina la mji wake ubavuni. Idara ya kaunti ikawaambia walio karibu na kiwanda wabaki ndani na wafunge madirisha.