Je, Wajua Kwa Nini Msomaji Hupunguza Mwendo Anapofika Patamu?

Ungedhani mtu aliyenogewa na kitabu atakimbia, afunue kurasa mbiombio ili aujue mwisho. Mwanasaikolojia Victor Nell, aliyefanya utafiti wake Afrika Kusini, aliwapima watu wenye mazoea ya kusoma kwa kujifurahisha, na mwaka 1988 akachapisha aliyoyaona. Kurasa ambazo wasomaji wenyewe walisema wamezipenda zaidi ndizo walizozisoma polepole zaidi. Walipofika patamu, walikawia.

Kwangu mimi, hapo ndipo jibu la kwa nini watu hufurahia vitabu linapoanzia. Kama raha ya kusoma ingekuwa ni kupata habari tu, kukawia kusingekuwa na maana yoyote. Mtu hukawia kwa sababu kuna kazi anayoifanya na hataki iishe.

Kazi gani? Tuanze na macho. Jicho la msomaji haliendi moja kwa moja juu ya mstari. Linaruka, linatua kwenye neno kwa takribani robo ya sekunde, kisha linaruka tena. Linachookota ni alama nyeusi juu ya karatasi, basi. Sauti ya mhusika, moshi wa jikoni, giza la njia ya kisimani, hayo yote hayamo kwenye ukurasa. Anayeyatengeneza ni msomaji, kwa kuchota katika maisha yake mwenyewe. Mwandishi akitaja nyumba ya bibi, msomaji wa Tanga na wa Bukoba watajenga nyumba mbili zisizofanana kabisa, na hakuna aliyekosea. Filamu haimwachii mtazamaji nafasi hiyo. Nyumba huja imeshajengwa, na rangi imeshapakwa.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, walichunguza kwa mashine bongo za watu waliokuwa wakisoma masimulizi ya siku ya kawaida ya mtoto wa kiume. Mtoto yule aliposhika kitu ndani ya hadithi, bongo za wasomaji zilichangamka katika sehemu zinazohusika na mkono unaposhika. Wasomaji walikuwa wamelala tuli ndani ya mashine, lakini ndani yao kitendo kilikuwa kinaigizwa.

Kwa hiyo si ajabu tukamlilia mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Tunajua fika kwamba ni wa kubuniwa, lakini tumempa sura, tumempa sauti, tumemtembeza kwenye njia tunazozijua sisi. Nell aligundua pia kwamba mwili wa msomaji aliyezama kitabuni huwa umeamka kuliko anavyoonekana kwa nje, kisha hushuka ghafla anapokiweka kitabu chini. Huenda ndiyo maana wengi hupenda kusoma kitandani: mshuko ule huleta usingizi.

Kuna ushahidi mwingine unaonipendeza. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi, zikiwemo za upelelezi na zenye mwisho wa kushtukiza. Baadhi waliambiwa mwisho kabla ya kuanza. Kwa wastani, walioujua mwisho ndio waliozifurahia zaidi. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote na matokeo hayo, lakini sisi wa huku tuna sababu ya kuyaamini. Pwani ya Lamu na Pate watu waliketi kusikiliza tenzi ndefu zikighaniwa, nao walijua vizuri nani atashinda vita. Mtoto aliyeshasikia kisa cha sungura na fisi bado humwambia bibi, "Kile cha jana!" Akishajua kitakachotokea, anapata nafasi ya kuangalia namna kinavyotokea.

Sasa, kama raha hii iko kwa kila mtu, mbona wapo wengi wanaosema hawapendi vitabu?

Maandishi yana umri wa miaka zaidi ya 5,000 hivi, muda mfupi mno kwa mwili wa binadamu. Hakuna mtoto anayezaliwa na sehemu ya ubongo iliyotengwa kwa ajili ya herufi. Anapojifunza, ubongo hukopa eneo la upande wa kushoto lililokuwa likitambua maumbo na kulizoeza herufi. Utafiti uliofanywa kwa watu wa Brazil na Ureno, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba badiliko hilo hutokea hata kwa waliojifunza kusoma wakiwa watu wazima. Hao ni wenzao wa akina mama na akina baba wa Tanzania walioshika chaki kwa mara ya kwanza Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Lakini eneo hilo lazima lizoeshwe mpaka maneno yasomeke yenyewe. Ni kama kuendesha baiskeli: anayehangaika na pedali hawezi kutazama mashamba ya kandokando. Mtoto anayeunganisha silabi moja moja hana nguvu ya akili iliyobaki ya kujenga nyumba ya bibi. Kiswahili kinamsaidia, maana kinaandikwa kinavyotamkwa. Akishazijua ba be bi bo bu, mlango umefunguka. Kisha anafika kidato cha kwanza, na katika shule nyingi za Tanzania anakabidhiwa vitabu vya Kiingereza, lugha ambayo bado anaipapasa. Anarudishwa kwenye pedali akiwa na miaka kumi na minne. Hata vile vya Kiswahili anavipata pamoja na maswali ya mtihani: taja dhamira, eleza wahusika. Wengine humeza mwongozo wa riwaya bila kuifungua riwaya yenyewe. Wanafaulu, na hawajawahi kukawia kwenye ukurasa hata mmoja kwa sababu ni mtamu. Jambo hili linaniuma kuliko takwimu zozote za ufaulu.

Mtu wa namna hiyo hajakosa kipaji, wala ubongo wake hauna kasoro. Aanze na kitabu chepesi kwa lugha anayoiwaza, kiwe cha mapenzi au cha upelelezi, na asione haya kukiacha kisipomnogea. Kwa mtoto mdogo njia ni fupi zaidi: asomewe kwa sauti. Mzigo wa herufi anaubeba mzazi, na mtoto anabakiwa na ile kazi tamu ya kutengeneza picha kichwani. Na akiomba kitabu kilekile cha jana, asomewe kilekile.