Vimeng'enya vya Sumu ya Nyoka na Kazi Zake Mwilini

Mpishi wa Unguja anayetaka nyama ngumu ya biriani ilainike huipaka papai bichi lililosagwa, na akiisahau hugeuka rojo. Kinachofanya kazi hiyo ni kimeng'enya kiitwacho papeini, ambacho hukata minyororo ya protini vipande vipande bila chenyewe kuisha. Sumu ya nyoka wengi imejaa vimeng'enya vinavyokata vitu vya mwili kwa namna hiyo, na ndiyo maana tone dogo huweza kuharibu mguu mzima.

Kinachopatikana zaidi ni fosfolipesi A2. Ni protini ndogo, yenye asidi amino zipatazo 120 tu, iliyojikunja na kufungwa kwa madaraja ya salfa yanayoipa uimara. Katikati yake mna mfuko unaoshika chembe moja ya kalisi. Kalisi hiyo ikiondolewa, kimeng'enya hakikati tena. Shabaha yake ni mafuta yanayojenga utando wa seli, na utando ukishakatwa seli hupasuka, huku asidi za mafuta zinazotoka zikichochea uvimbe. Kwa swila anayetema sumu, kimeng'enya hiki huzidisha nguvu ya protini nyingine ndogo zinazoamsha neva za maumivu, jambo lililoonyeshwa na watafiti mwaka 2021. Anayetemewa machoni aoshwe mara moja kwa maji mengi safi.

Nyoka wa jamii ya kifutu, wanaojulikana zaidi bara, hutegemea vimeng'enya viitwavyo metaloprotinesi, ambavyo hubeba chembe ya zinki na kutafuna kolajeni, protini inayoshikilia kuta za mishipa midogo, hata damu ikavuja chini ya ngozi. Zipo pia protini zinazoharibu faibrinojeni, na bila hiyo damu haigandi. Kipimo chake hakihitaji mashine: damu kidogo hutiwa katika chupa safi, kavu, ya kioo, ikaachwa dakika 20 bila kuguswa, kisha chupa ikainamishwa; damu ikimwagika kama maji, mgonjwa yumo hatarini.

Haluronidesi, kimeng'enya kingine cha sumu hiyo, haiui, lakini huyeyusha ute ulio baina ya seli na kuvifungulia vimeng'enya vingine njia. Kwa sababu hiyo sioni faida yoyote ya kumchanja kwa wembe au kumbandika jiwe jeusi mchumaji wa karafuu aliyeumwa kule Pemba, kwani sumu imekwishapenya ndani kabla wembe haujapatikana. Kamba iliyokazwa ni mbaya zaidi: hukusanya vimeng'enya mahali pamoja na kuinyima nyama damu. Mguu utulizwe usitikisike, na mgonjwa apelekwe hospitali bila kutembea.

Kingamwili za dawa ya kupinga sumu, zinazotengenezwa mara nyingi kutokana na damu ya farasi, hukishika kimeng'enya na kukizuia kisiendelee kukata, lakini nyama iliyokwisha kukatwa haziirudishi.