Saa ya Sola Haihitaji Kuanikwa Juani

Katika vibanda vya saa karibu na soko la Majengo, Dodoma, mnunuzi huambiwa mara nyingi kwamba saa ya mkononi ya sola lazima ianikwe juani kila siku kama mtama, la sivyo usiku itasimama. Dhana hiyo si sahihi. Chini ya uso wa saa, ambao hupitisha mwanga kiasi hata ukiwa mweusi, kuna seli ya sola inayogeuza mwanga wowote, uwe wa jua, wa siku ya mawingu au wa taa ya ofisini, kuwa umeme unaohifadhiwa katika betri ndogo ya kuchajiwa. Betri hiyo ikijaa, saa nyingi za aina hii hutembea gizani kwa miezi kadhaa. Wala jambo lenyewe si geni, kwani Citizen ya Japani ilitoa saa ya mishale inayotumia mwanga mwaka 1976.

Tofauti ni kasi tu: dakika chache za jua la Dodoma hufanya kazi ambayo taa ya ndani huifanya kwa saa kadhaa. Hata hivyo, kuiacha saa kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani saa saba mchana (kosa nililowahi kulifanya mwenyewe) ni kuiumiza, kwa kuwa joto kali huweza kuharibu betri. Inatosha kuivaa, mradi mkono wa shati usiifunike kutwa nzima.

Anayechagua aulize saa hutembea muda gani ikiwa imejaa chaji, na huonyaje chaji inapopungua. Katika nyingi za mishale, mshale wa sekunde huanza kuruka sekunde mbili mbili.