Mshauri si mfadhili, na mengine tunayoyachanganya

Kisumu haikosi programu ya kuinua wafanyabiashara wadogo. Moja ikifunga, nyingine inafunguliwa, na siku hizi nyingi zina bodi ya washauri: mwenye kiwanda, meneja wa benki aliyestaafu, mwenye duka la jumla, mjumbe wa chama cha wenye biashara na viwanda. Mimi ni katika wale wanaopanga viti na kuandika kumbukumbu za mikutano hiyo. Nasikia yanayosemwa mezani, na nasikia yanayosemwa nje watu wakingoja chai. Ya nje ndiyo yaliyonifanya niandike.

"Hao ndio wenye pesa"

Hii huharibu mazungumzo kabla hayajaanza. Mtu anaingia, anasimulia shida zake kama aliyekuja kuitisha harambee, mshauri anatikisa kichwa kwa huruma, saa imekwisha. Mshauri hana hundi mfukoni. Fedha za programu hutoka kwa mfadhili na kugawiwa kwa masharti yaliyoandikwa. Programu inayoendeshwa vizuri humweka mshauri mbali na uamuzi huo makusudi, na mwombaji akiwa shemeji yake au mteja wake, yeye hutoka nje ya chumba.

Anayetafuta mkopo, milango inajulikana. Mfuko wa Hustler, uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ulianza na mikopo ya kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Kuna Mfuko wa Wanawake, kuna Uwezo, kuna KIE, shirika la serikali la viwanda vidogo lililokuwapo tangu 1967. Fomu zipelekwe huko. Kwa mshauri peleka daftari.

Nasema daftari, si mpango wa biashara wa kurasa ishirini uliochapwa saiba usiku wa kuamkia mkutano. Mama mmoja wa upande wa Maseno, mtengenezaji wa siagi ya njugu, alikuja na daftari lenye madoa ya mafuta. Mzee aliyekuwa akimshauri, mwenye duka la jumla, alisoma ukurasa mmoja tu.

"Mama, hizi chupa unatoa wapi?"

"Nairobi, mzee. Zinakuja na basi."

"Zikivunjika njiani?"

"Hizo huwa siandiki."

"Na wewe unajilipa pesa ngapi?"

Mama akacheka. "Mzee, si mimi ndiye mwenye biashara?"

Basi bei yake ilikuwa imekosa vitu viwili: chupa zinazovunjika na siku zake mwenyewe za kukaanga na kusaga. Alikuwa akiuza sana na kubaki na kidogo, na alidhani dawa ni mtaji zaidi. Kwa bei ile, mtaji zaidi ungemwongezea hasara. Mzee alimpa namba ya simu ya mtu anayeleta chupa Kisumu kwa lori, akamwambia arudi akiwa na hesabu mpya. Hakuna shilingi iliyotoka mfukoni mwa mtu.

"Jina likiwa kubwa, ushauri nao ni mkubwa"

Hapa wanaoendesha programu hukosea kuliko wafanyabiashara wenyewe. Bango linahitaji sura inayojulikana, basi anatafutwa mkurugenzi kutoka Nairobi, anashuka uwanja wa ndege asubuhi na jioni yuko angani.

Watafiti Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson walilipima jambo hili Dandora, Nairobi, na matokeo yakachapishwa 2018. Walichukua wanawake wenye biashara changa. Baadhi waliwekwa darasani kufundishwa biashara, baadhi wakaunganishwa na mwanamke wa mtaa huohuo ambaye biashara yake imesimama, na kundi la tatu likaachwa lilivyo. Darasa halikuongeza faida. Waliounganishwa na jirani, faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20 hivi. Siri haikuwa hekima kubwa: waliambiwa nani anauza mali kwa bei nafuu. Na watu wale walipoacha kukutana, faida ile ilififia.

Sentensi hiyo ya mwisho ningeibandika kwenye mlango wa kila ofisi ya programu. Ushauri wa siku moja, hata utoke kwa nani, haukai. Kwa mama wa omena pale soko la Kibuye, mtu anayejua gari gani linapakia alfajiri na nani anapunja kipimo cha gorogoro ana thamani kuliko mgeni mwenye slaidi.

Lakini tusigeuze kibao tukasema wakubwa hawana kazi. Wanayo, ila lazima uulize mtu alikaa upande gani wa meza. Chukua biashara ya supamaketi. Nakumatt, ambayo jina lake lilitokana na Nakuru Mattresses, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Tuskys, nayo yenye asili ya Rongai huko Nakuru, ikaja kuanguka ikiwaacha waliowapelekea bidhaa wakidai. Aliyewahi kuwa mnunuzi mkuu wa supamaketi atakufundisha namna ya kuingia kwenye rafu: nembo ya KEBS, shirika la viwango, msimbo wa mistari (barcode) kwenye kifurushi, lebo inayosomeka. Aliyewahi kupeleka mzigo kwa mkopo akangoja siku 60, zikawa 90, zikawa mwaka, atakwambia usiweke zaidi ya kile unachoweza kupoteza. Msikilize mmoja tu na utarudi nyumbani na nusu ya habari.

Na sisi wa magharibi tunajua ukubwa si kinga. Mitambo ya kiwanda cha karatasi cha Webuye ilizimwa 2009, na kiwanda cha sukari cha Mumias kikakabidhiwa meneja mrasimu, yaani anayewekwa na mdai kusimamia mali ya kampuni iliyoshindwa kulipa, Septemba 2019. Mtu aliyeshuhudia anguko kama hilo kwa ndani, akakubali kulisimulia bila kujitetea, mimi ningempa kiti cha mbele.

"Wataniibia wazo"

Wazo la kuuza juisi ya miwa Nakuru hata ukilitangaza redioni halina mwizi. Kinachoibwa ni jina na lebo, na hapo wengi hujidanganya kwamba kusajili jina la biashara kumewakinga. Usajili huo haukupi haki ya alama ya biashara. Alama husajiliwa KIPI, taasisi ya serikali ya haki za ubunifu, hukaa miaka 10 na inaweza kuhuishwa. Hofu iliyo na msingi ni nyingine kabisa: mshauri ambaye yeye mwenyewe anauza malighafi unayonunua, au ananunua unachouza. Muulize mapema, mbele ya wengine. Mwungwana hatachukia.

Wanaosema bodi hizi ni za kampuni tu, si za kibanda, wasome Sheria ya Biashara Ndogo ya 2012. Inatambua hata biashara yenye wafanyakazi chini ya 10. Na habari kwamba washauri hulipwa posho nono? Mara nyingi ni chai na nauli. Wana faida yao, sikatai: hupata wa kuwauzia, wa kununua kwao, na vijana wa kuajiri. Wapo pia wanaokuja kwa ajili ya picha. Hao huondoka kabla daftari halijafunguliwa.

"Akisema, lazima nifanye"

Kisheria mshauri si mkurugenzi. Sheria ya Makampuni ya 2015 inamtwika mkurugenzi wajibu kwa kampuni, na akiukiuka anaweza kushtakiwa. Mshauri hana mzigo huo, wala hana kura. Anayetaka maneno yake yafuatwe kama amri ajue sheria hiyohiyo inamtambua mkurugenzi kivuli, yaani mtu ambaye wakurugenzi wamezoea kutenda kwa maagizo yake, ingawa ushauri wa kitaalamu pekee haumfanyi mtu kuwa hivyo.

Fundi mmoja wa sare za shule kutoka Kondele aliambiwa na mshauri wake akope, aongeze cherehani nne, aombe tenda za serikali, kwa kuwa asilimia 30 imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ushauri si mbaya. Akauliza, "Mzee, wakikawia kunilipa, hizo cherehani zitalipiwa na nani?" Mzee akajaribu mara mbili kumjibu. Fundi akabaki na shule zake za kibinafsi zinazolipa muhula ukifunguliwa. Nikaandika kwenye kumbukumbu: ushauri umetolewa, mwenye biashara ameukataa. Mzee akaomba niongeze "kwa sasa". Fundi akasema sawa, nami nikaongeza.